Kondoo Aliyetuharakisha

Nilifurahi kwamba kondoo yule alikuwa mtoto. Nasema hivyo bila kujipamba. Alipofika kwangu Kadutu, mjini Bukavu, amefungwa miguu juu ya lori la ndizi kutoka Bunyakiri, alikuwa na umri wa miezi mitano hivi, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kumfungua kamba, ni kupiga hesabu ya muda. Atakua mwaka huu wote. Mwakani atapata dume. Atabeba mimba miezi mitano. Karibu miaka miwili kwa jumla. Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimepewa miaka miwili ya kutomtazama dada yangu mkubwa usoni.

Hapa inabidi nieleze desturi ya kwetu, maana bila hiyo mtu atajiuliza kondoo na dada wanahusiana vipi. Katika ukoo wetu, ndugu wawili wakigombana hadi kuacha kusalimiana, yule anayechoka na ugomvi kwanza humtumia mwenzake kondoo jike ambaye hajapandwa. Si mbuzi, mbuzi ana kelele na kiburi, na ugomvi wenyewe unatosha kwa hayo. Anayempokea humfuga. Kondoo akizaa, mtoto wake wa kwanza hurudishwa kwa aliyetuma, na hatumwi mtu: unampeleka kwa mikono yako mwenyewe. Siku hiyo ndipo mnapokula sahani moja na kuzungumza yaliyowaumiza. Kabla ya hapo hakuna kutembeleana, wala kulitaja jambo. Na kondoo akifa mikononi mwa aliyempokea kabla ya kuzaa, wazee walisema amani imekataa. Hawakueleza kinachofuata, na mimi sijawahi kusikia ndugu aliyetuma kondoo wa pili.

Aliyekosewa alikuwa dada, na ndiye aliyechoka kwanza. Hilo liliniuma kuliko ugomvi wenyewe.

Mama yetu alifia nyumbani kwangu, msimu wa mvua. Dada ni mzalishaji huko Bunyakiri; amepokea watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipopata habari alipanda gari siku ileile, gari likazama matopeni katikati ya msitu. Nilimngojea siku moja na nusu. Siku ya pili kaburi lilikuwa limechimbwa, mbingu imekuwa nyeusi, padri ana maziko mengine, na wajomba wote wananiangalia mimi kwa kuwa ndiye mtoto niliyekuwepo. Nikasema twende. Mvua yenyewe haikunyesha hata tone. Dada alifika jioni ile, viatu mkononi, matope hadi magotini, akawakuta majirani wanaosha masufuria. Hakulia wala hakunikemea. Alimwomba jirani maji ya kunawa miguu, akalala kwa huyo jirani, na asubuhi akarudi kwake. Ikapita miaka mitatu.

Sikumwomba msamaha kwa sababu nilikuwa na sababu zangu, na nilizipanga vizuri kichwani: kaburi, padri, wajomba. Mwenye sababu ni mgumu kuliko mwenye kosa. Mwenye kosa tu huchoka, lakini mimi kila nilipokaribia kuchoka nilizihesabu upya sababu zangu nikapata nguvu.

Basi kondoo akaja, nami nikamtunza kama mtu anayejitetea. Mimi ni fundi wa nguo. Chumba cha mbele ndicho cha cherehani na wateja, nyuma kuna jiko, na nyuma ya jiko, pale ambapo mlima unaanza kupanda tena, kuna kibanda cha mbao ambacho zamani kilikuwa cha kuku. Nilikitandika nyasi kavu. Kila asubuhi nilinunua kwa mama mmoja wa sokoni fungu la majani ya viazi vitamu. Maganda ya ndizi ya nyumba nzima na ya majirani wawili yalikuwa ya kondoo. Mara mbili kwa wiki kijana wa mkokoteni aliniletea gunia la machicha ya kiwanda cha pombe, yale ambayo watu wanalishia nguruwe, na kondoo aliyapenda hadi akawa anatambua mlio wa magurudumu. Wateja walinitania kwamba wakifa wanataka kuzaliwa upya kama kondoo wangu. Nilicheka nao. Nilikuwa najiambia kwamba siku nikimpelekea dada mtoto wa kondoo huyu, ataona mnyama aliyelelewa na mtu mwenye moyo mzuri, na pengine haitanibidi kusema mengi.

Tatizo lilikuwa kelele. Kondoo akiwa peke yake hulia, na huyu alilia kutwa nzima kama vile anadai haki. Mteja anapimwa kiuno huku ameziba masikio. Ndipo jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mzee mmoja anayetengeneza redio, akanunua kondoo dume mdogo wa kuchinja Noeli. Akaja kwangu na wazo.

“Kondoo haikae peke yake, maman. Tuziweke pamoja, zitanyamaza.”

Nilikuwa na akili kiasi cha kuuliza kama si hatari. Mzee alimshika kondoo wangu kidevu, akamfungua mdomo kwa vidole viwili kama anavyofungua redio.

“Angalia meno. Yote iko ya maziwa. Hii iko mutoto. Na ya kwangu nayo iko mutoto, iko natafuta ata mama yake.”

Kipimo hicho nilikijua. Ndicho cha baba yangu. Kwetu, kondoo jike ambaye hajang'oa meno mawili ya mbele ya utoto na kuota yale mapana hahesabiwi kuwa jike. Ni mtoto tu, analala popote na yeyote. Nilichungulia mdomoni nikaona vijino vidogo, vyeupe, vimepangana sawasawa, nikaridhika. Tena nilifurahi. Kila jino la maziwa lilikuwa linanihakikishia ile miaka miwili yangu.

Wakanyamaza kweli. Wiki zikapita. Siku moja nilikuwa natia vifungo kwenye blauzi, nikainua macho dirishani, nikamwona yule dume mdogo amempanda mwenzake, ameanguka, amempanda tena. Nilicheka peke yangu. Nikasema, watoto wanacheza. Mimi, mwanamke mzima, niliyelelewa kwenye nyumba yenye mifugo.

Na kuna aibu kubwa zaidi ya hiyo. Kazi yangu ni kupima miili ya wanawake. Mteja akija kupunguziwa gauni mwezi huu, mwezi ujao akaja kuongezewa, mimi najua kabla ya mume wake. Nina macho ya utepe, watu wa mtaani wanalijua hilo na wengine wanaliogopa. Lakini kondoo wangu alitanuka mbavuni mbele ya macho yangu hayohayo, nami nikasema ni machicha.

Aliyeona ni daktari wa mifugo, kijana mpole anayezunguka na pikipiki, aliyekuja mwezi wa kumi kuwapa mbuzi wa jirani mwingine dawa ya minyoo. Alipita uani kwangu kuosha mikono. Akasimama. Akapiga goti, akapitisha kiganja chini ya tumbo la kondoo, akakiacha hapo kwa muda.

“Maman, hii ulipandisha lini?”

“Sijapandisha. Iko mutoto bado.”

“Iko mutoto, ndiyo. Lakini iko na mutoto ndani.”

Aliomba utepe wangu. Nilimpa ule wa shingoni mwangu, akauzungusha kifuani mwa kondoo nyuma ya miguu ya mbele, akasoma, akatikisa kichwa. Kwa upana wa kifua, alisema, unaweza kukisia uzito, na huyu hakuwa amefikia theluthi mbili za uzito wa kondoo mzima wa huku kwetu. Hapo ndipo angestahili kuanza. Nikamweleza habari ya meno. Hakunicheka, na ningemshukuru kwa hilo peke yake.

“Meno inaonyesha miaka, maman. Haionyeshe uzazi. Kondoo jike ikikula muzuri, miezi sita, saba, mwili unafunguka. Na kondoo haipige kelele sawa mbuzi ikisikia joto ya dume. Inanyamaza tu. Ni dume njo inajua.”

“Lakini dume yenyewe ni ka-mutoto.”

“Ka-mutoto ya miezi tano inaweza kuwa papa, baba ya mutoto.”

Ikikula muzuri. Maneno hayo yalibaki uani baada ya pikipiki kuondoka. Angekuwa ni kondoo wa kujitafutia majani kwenye njia za Kadutu, pengine angechelewa kama nilivyotaka achelewe. Ni mimi niliyemwahisha, kwa majani ya viazi na magunia ya machicha, kisha nikamletea na mchumba mlangoni.

Mzee wa redio alikuja kumchukua dume wake siku ileile, hanitazami. Kesho yake alileta donge la chumvi kwa ajili ya mgonjwa, akasema mhalifu ameshafungwa kamba na Noeli atahukumiwa. Tulicheka kidogo, lakini si sana, kwa kuwa daktari alikuwa ametueleza hatari. Nyonga za kondoo mdogo ni nyembamba. Mtoto anaweza kukwama. Na usijaribu kumsaidia kwa kumjaza chakula sasa, alionya, maana chakula kingi mwishoni kinanenepesha mtoto tumboni, na mlango ni uleule. Lishe iwe nzuri, ya kipimo kilekile kila siku, maji safi, asikimbie kwenye mteremko. Na akianza, nimpigie simu.

Niliogopa. Sina neno lingine. Nilishona huku mlango wa nyuma uko wazi ili nimwone. Nilimwota amelala ubavu. Kilichonitesa si kifo cha mnyama tu, ingawa nilikuwa nimempenda. Niliwaza habari itakavyofika Bunyakiri: kondoo aliyetumwa amekufa, alipandwa akiwa mtoto. Na dada angesema nini, akiwa na haki yote ya kusema? Kwamba mdogo wake hakuweza kungojea mama azikwe na watoto wake wote wawili, na hakuweza kungojea hata kondoo akue. Kwamba hivyo ndivyo nilivyo.

Ningeweza kumtumia habari mapema. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu miaka yote ile. Mficha uchi hazai, na dada mwenyewe ndiyo kazi yake; angenishauri kuliko yeyote. Lakini nilijificha nyuma ya desturi. Nilisema hairuhusiwi, tungojee azae, na kila siku ilipopita bila kondoo kuzaa niliiona kama siku niliyoipata bure.

Alianza Jumamosi asubuhi. Mtu wa Bukavu akisikia Jumamosi asubuhi anajua tayari: salongo. Watu wote wako nje wanafagia na kuzibua mitaro, maduka yamefungwa, na hakuna pikipiki inayoruhusiwa kupita hadi kazi iishe. Niliinua fagio langu kutoka nikamwona kondoo amejitenga kwenye kona, anaparua chini kwa mguu, analala, anaamka, anatazama nyuma yake kama ameitwa. Maji yakatoka. Nikaliweka fagio chini.

Nilingojea. Kondoo alisukuma, akapumzika, akasukuma. Muda mrefu ulipopita niliona pua ndogo, na ulimi, na kwato moja. Moja tu. Nilijua kuwa inapaswa kuwa mbili. Hilo nalo baba alitufundisha, na safari hii alikuwa amefundisha sawa.

Nikampigia daktari. Alikuwa ng'ambo ya mji, upande wa Bagira.

“Maman, banatufunga barabara. Salongo. Mupaka ikwishe.” Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea haraka. “Mguu mumoja umekunjama nyuma. Usivute vile. Tafuta mutu anajua kuzalisha.”

Nilisimama na simu mkononi. Mzee wa redio alikuwa ameshaingia uani, amepiga goti, ameshika kichwa cha kondoo na kugeuza uso wake ukutani kwa heshima, kana kwamba ni mke wa mtu. Wazalishaji wa Kadutu wote walikuwa mtaroni na majembe, na hakuna niliyejua namba ya simu yake. Nilijua moja tu. Niliibonyeza kabla sijafikiri.

Iliita mara mbili.

“Allo?”

“Yaya. Ni miye.” Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

Akauliza, taratibu kabisa, “Nani amekufa?”

“Hakuna mutu amekufa. Ni kondoo. Ile ulituma. Iko nazala, na mutoto inakatala kutoka.”

Nilitegemea aulize kondoo mwenye umri ule anazaa vipi. Hakuuliza. Sauti yake ilibadilika, ikawa ile ambayo nadhani wanawake wa Bunyakiri wanaijua na mimi sikuwahi kuisikia.

“Unaona nini?”

Nikamwambia. Pua, ulimi, mguu mmoja.

“Ulimi ni ya rangi gani?”

“Iko nyekundu nyekundu.”

“Basi iko muzima. Weka simu chini, ufungue sauti. Nawa mikono na sabuni, mupaka kwenye kiwiko. Kucha iko mirefu?”

“Yaya, niko fundi. Nakata kila wiki.”

“Muzuri. Uko na mafuta ya mawese?”

“Iko ya kujipaka.”

“Leta ya kujipaka.”

Niliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikapaka mafuta mkono wote. Akanielekeza: kwanza kukirudisha kichwa ndani, polepole, pale tu mama asiposukuma. Kisha kufuata shingo hadi begani, bega hadi kwenye goti, goti hadi kwenye kwato.

“Akisukuma, weye simama. Usishindane naye. Ngojea.”

Kondoo akasukuma, mifupa yake ikanibana kifundo cha mkono hadi nikaona nyota. Nilitaka kuvuta. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuvuta, kumaliza, kutoka hapo.

“Ngojea,” alisema dada kutoka kwenye ndoo, kana kwamba ananiona. “Ngojea, mudogo wangu.”

Nikangojea. Nyonga zikalegea. Nikasogea mbele kidogo, nikalipata bega, nikapata kifundo cha goti kilichokunjama, laini kama kidole cha mtoto mchanga.

“Nimefika kwenye goti.”

“Sasa funika kwato mu kiganja yako, isipasule mama. Halafu ukunjue—”

Simu ikakatika. Unités zangu, salio la simu, zilikuwa zimekwisha.

Mzee wa redio aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza. Mkono wangu ulikuwa ndani hadi karibu na kiwiko, kondoo alikuwa ameacha kulia, na kuacha huko kulia kulinitisha kuliko kulia. Nilifikiri, basi, ndiyo hivyo. Hazikufika hata sekunde tano, nadhani. Simu ikalia juu ya ndoo. Mzee akaibonyeza kwa kidole chake cha ufundi.

“Niko hapa,” alisema dada. “Siende popote. Uko na kwato mu kiganja?”

“Niko nayo.”

“Lete mbele. Pole pole. Usiache kiganja.”

Mguu ukanyooka kwa mshtuko mdogo, ghafla, kama uzi uliokuwa umenasa chini ya sindano ukaachia. Nilitoa kwato ya pili nje, ikakaa pembeni ya mwenzake, na pua juu yake. Dada akaniambia sasa nivute, lakini kuelekea chini, na wakati ule tu mama anaposukuma. Tulisukuma na kuvuta mara tatu. Mara ya nne mtoto alinimwagikia miguuni na maji yake yote.

Hakupumua. Dada aliniambia nimfute pua na mdomo, nimsugue mbavu kwa nguvu, nichukue jani kavu nimchokonoe puani. Nilimsugua kwa vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye gauni la harusi la mteja. Nikamchokonoa. Akapiga chafya.

“Nimesikia,” alisema dada.

Nilikaa chini kwenye uchafu wote ule. Niliona nimetuliwa ndoo ya maji kichwani, kiasi kwamba shingo ilishangaa wepesi. Mzee wa redio alikuwa anajifuta macho kwa bega na kudai ni jasho.

Hatukuwa tumemaliza. Mama mdogo alisimama, akamtazama mwanawe, akampa mgongo, akaenda kutafuta majani. Yeye mwenyewe bado alikuwa mtoto. Hakujua kile ni nini. Nilipomsogezea, alikirudisha kwa kichwa. Dada alisema nipake chumvi mgongoni mwa mtoto. Ile chumvi ya mzee ilikuwepo, nikaisaga, nikaipaka. Kondoo akanusa, akalamba mara moja kwa tamaa ya chumvi, akalamba tena, na katikati ya kulamba akaanza kutoa sauti ya chini, ya kooni, ambayo hakuwahi kuitoa. Chumvi ilipokwisha aliendelea kulamba.

“Ni mume ao muke?”

“Muke.”

“Na mama?”

“Iko wima. Iko nalamba.”

Nilimsikia dada anapumua, pumzi ndefu, kisha akacheka kidogo, na nilitambua kwamba nilikuwa nimeusahau mcheko wake. Hapo neno likanitoka, bila sababu hata moja kati ya zile nilizokuwa nimezipanga miaka yote ile.

“Yaya, unisamehe.”

“Juu ya kondoo?”

“Hapana. Juu ya mama. Nilipaswa kungojea.”

Mzee wa redio aliinuka akaenda kunawa mikono mbali zaidi kuliko ilivyohitajika.

“Hiyo tutaongea huku,” alisema dada. “Kuja.”

“Mutoto ikiacha kunyonya tu, nitaibeba—”

“Leka, acha inyonye. Mama yake iko kidogo, maziwa yake njo sasa inaanza. Ukiitoa itakufa mu njia. Kuja weye. Mikono mitupu.”

Daktari alifika adhuhuri, matope ya salongo hadi mapajani, akakagua wote wawili, akanishika mkono wa pongezi bila kujali ulivyokuwa. Alisema sasa ndio wakati wa kumlisha mama, si kabla. Nimpe kidogo kidogo hadi ashibe kweli, nimsaidie mtoto kwa maziwa ya mbuzi siku za kwanza, na nisimpandishe tena huyu mama hadi mwili wake ufikie ulipopaswa kufikia. Nikamwambia hata kama dume atakuja na barua ya utambulisho, hapiti. Usiku ule nililala fofofo.

Nilikwenda Bunyakiri Alhamisi ya wiki iliyofuata, nikamwachia mzee wa redio uangalizi wa kondoo. Aliupokea kama adhabu yake ya haki. Njiani nilijiandaa. Nilirudia maneno ya kuomba msamaha vizuri zaidi, kwa utaratibu, nikijua kwamba ya uani yalitoka hovyo. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekonda, na kitambaa chake cha kichwani kimekuwa chepesi kwa kufuliwa. Tulisalimiana kwa paji la uso, kulia, kushoto, kulia. Aliniingiza ndani, akaweka sahani moja mezani, ugali na mboga za lenga-lenga na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, na vikombe viwili.

“Nilituma kondoo mudogo kusudi,” alisema akinitilia maji ya kunawa. “Nilikuwa naogopa. Nilisema, tukingojea, nitapata nguvu.”

“Hata miye nilifurahi iko kidogo.”

Tulicheka wote wawili, tukitazama chini. Kisha nikafungua mdomo kuanza yale niliyoyaandaa, akainua kiganja.

“Hapana. Uniambie ingine. Siku ile, mama alikuwa amevaa nini?”

Sikuwa nimeandaa hilo. Miaka yote ile nilidhani anataka nimweleze kwa nini, au anataka nilie mbele yake. Nikamwambia: kitenge cha kijani, kile cha ndege, na fulana nyeupe ndani kwa kuwa alichukia baridi. Aliuliza nani alimwosha. Nikamwambia ni mimi na shangazi, na maji yalikuwa ya uvuguvugu. Aliuliza uso wake ulikuwaje, nani alishika jeneza mbele, tuliimba nini tukishuka, udongo wa pale ni wa rangi gani, kichwa kimeelekea upande gani, nani aliweka ua la mwisho. Nilimjibu moja moja, nikikumbuka mengine nilipokuwa nasema, na nilipokosea nilirudi nyuma nikasahihisha. Alisikiliza kwa mikono miwili mezani, hakunikatiza, hadi nilipofika kwenye kuosha masufuria.

Chakula kilikuwa kimepoa. Dada alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

“Sasa na miye nimemuzika,” alisema, akanisogezea sahani.